Shamba la Mlimani, Shamba la Nyikani

Ukijitambulisha Lushoto kuwa wewe ni mwandishi, hutaulizwa umeandika riwaya gani. Utaulizwa kama una nafasi kesho asubuhi. Mmoja ana risala ya kumsomea mgeni rasmi, kikundi cha kuweka na kukopa kinataka katiba yake inyooshwe, kwaya ina wimbo mzuri wenye ubeti mmoja tu, na nyumba ya tatu kutoka kwako imefiwa, wasifu wa marehemu unatakiwa uwe tayari kabla ya saa saba mchana. Hakuna kati yao anayedhani kwamba anakutoa kwenye kazi yako. Kwao kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Zamani nilikuwa nikiudhika. Siku hizi naona kwamba wao wako karibu na ukweli kuliko mimi, na shahidi wao ni neno lenyewe. Mwandishi wa Kiswahili ni nani? Gazetini ni mtu wa habari. Dukani kwa vitabu ni mtunzi. Katika vyama vya zamani mwandishi ndiye aliyeshika daftari la mkutano, huyu ambaye leo tunamwita katibu. Barazani kwa mtawala, mwandishi alikuwa mtu wa kusoma barua zilizoingia na kujibu zilizotakiwa kujibiwa. Lugha haikuona haja ya kumtenga anayebuni na anayenakili, wala anayesifu na anayetoa taarifa. Ni sisi wa darasani tuliokuja na tanzu, tukaweka riwaya huku, tamthiliya kule, ushairi pembeni, kisha tukashangaa kwa nini fulani hatulii mahali pamoja.

Mshangao huo ndio ninaotaka kuuhoji. Tunapozungumza juu ya mwandishi wa tanzu nyingi huwa tunazungumza juu ya kipaji: Mungu kamjalia, mashairi anaweza, hadithi anaweza. Au tunamwonya kwa methali ya mshika mbili. Mimi nasema tuangalie siku yake. Alikuwa akilishwa na kazi gani? Alibakiwa na saa ngapi? Na ni nani mwaka ule aliyekuwa tayari kuchapa, na alikuwa tayari kuchapa nini? Ukiyajibu hayo matatu, nadhani sehemu kubwa ya orodha ya vitabu vya mtu itajieleza yenyewe, na kipaji kitabaki na kazi yake halali, ambayo ni kuamua kama vitabu hivyo vinasomeka.

Tuanze milimani hapa hapa, kwa sababu Usambara ina mfano mkongwe kuliko tunavyokumbuka. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, mtu wa Pwani, alikuwa mwandishi kwa maana ile ya kwanza: alishika kalamu ya Semboja, mtawala wa Kilindi aliyekaa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara. Alifundisha watoto wa bwana wake, aliandika barua zake, na baadaye wakati wa Wajerumani akawa liwali. Katikati ya kazi hizo ndipo ilipopatikana *Habari za Wakilindi*, habari ya ukoo uliotawala Usambara tangu Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu na kupanda milima akiwagawia watu nyama, mpaka ugomvi uliozuka baada ya kufa kwa Kimweri ye Nyumbai, 1862.

Kitabu hicho ni utanzu gani? Mwanahistoria hukitumia kama chanzo. Mwanafasihi akifungua sehemu ya Mbegha anakuta hadithi kamili, yenye kisirani cha kuzaliwa, ndugu wenye inda, mwindaji na mbwa wake, na wenyeji wanaokula nyama leo na kesho wakaomba mfalme. Ukisogea mbele unakuta siasa: nani kamkimbia nani, Wabondei wameasi, nani kapeleka barua Unguja. Sehemu za mwisho zinagusa mambo ya zama za mwandishi mwenyewe, na sauti inabadilika, inakuwa ya mtu aliyekuwapo. Hadithi, tarihi na ushahidi vimekaa mkeka mmoja, wala havisukumani.

Tena angalia kilivyotoka. Kilichapwa na wamisionari wa UMCA kwenye mtambo wao wa Magila, Msalabani, upande wa Bonde, kwa vipande, kuanzia 1895 na kumalizikia muongo wa kwanza wa karne iliyofuata. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilikitoa kizima mwaka 1962. Kwa mtu wa Mazinde mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa misheni, na misheni ile ilitaka Kiswahili cha kusomesha na habari za nchi. Kama mlango ungekuwa wa mchapaji wa mashairi, nina hakika tungesoma utenzi wa Wakilindi. Jirani zake wa Pwani ya Tanga walikuwa na mazoea hayo: vita vya 1888 kati ya watu wa Mrima na Wajerumani vilipata utenzi mrefu wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, maana huko mambo mazito yalizoea kwenda kwa beti. Habari za aina moja, zikaingia vyombo viwili.

Hapa naomba niende shambani kidogo. Steven Feierman, mwanahistoria aliyekaa sana na Washambaa, ameeleza jinsi Mshambaa wa zamani alivyogawa dunia: kuna shambaai, juu kwenye baridi na migomba, na kuna nyika, chini kwenye joto, ambako mahindi huwahi na njaa huwahi vilevile. Vijiji vingi vilipendelea kukaa ukingoni mwa mlima, mahali ambapo mtu aliweza kushuka akalima nyikani na kurudi kulala kwenye migomba yake. Vishamba vilikuwa vingi, kila kimoja na udongo wake na mvua yake. Leo viazi na kabichi vimechukua nafasi kubwa, lakini akili ni ile ile. Kabichi zikianguka bei Kariakoo, kuna maharage kule bondeni. Hakuna mtu anayemwambia mkulima huyu kwamba ameshindwa kubobea. Njaa ndiyo mwalimu wake, na mwalimu huyo hafundishi zao moja.

Mwandishi wa Kiswahili ni mkulima wa namna hiyo. Mfano ni mzuri kwa sababu una uchungu ndani yake pia: mashamba mengi yanachosha miguu. Ukishuka nyikani kupalilia, ngedere wako kwenye mahindi ya mlimani. Hilo nitalirudia.

Baada ya watu wa barazani walikuja makarani. Tanga ya Waingereza ilikuwa mji wa makarani, na kalamu za Kiswahili za wakati huo karibu zote zilikuwa za serikali mchana na za mwenyewe usiku. Martin Kayamba alikuwa karani wa ngazi ya juu, mmoja wa walioanzisha chama cha watumishi Waafrika Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alipelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka uliofuata akatoa *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Kitabu cha safari! Utanzu huu Waswahili waliujua tangu mapema, kisha tukaupoteza. Kayamba aliandika pia habari ya maisha yake kwa Kiingereza, ikaingia katika kitabu cha *Ten Africans* cha mwaka 1936. Ofisi ndiyo iliyompa safari, na safari ikampa kitabu.

Lakini karani mwenyewe, yule ambaye bila yeye mjadala huu haukamiliki, ni Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, kando ya Tanga, 1909, akasoma Msimbazi, Dar es Salaam, kati ya 1922 na 1926, na mwaka huo huo wa kumaliza akaajiriwa forodhani. Alikaa huko mpaka 1944, Pangani na vituo vingine vya pwani. Kisha Longido, idara ya wanyama, miaka miwili. Kisha Tanga, ofisi ya jimbo, na kuanzia 1952 ofisi ya upimaji wa ardhi. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka thelathini ya kuamka, kuvaa, kwenda kuhesabu mizigo ya wengine. Katika miaka hiyo aliandika mashairi, tenzi, insha, riwaya, ngano, tawasifu, wasifu, na akamfasiri Omar Khayyam kwa Kiswahili. Alikufa Juni 1962, na bado kuna vitabu vilivyokuwa vikingoja zamu.

Wanaomsifu husema alikuwa bahari. Sawa. Mimi nataka kujua bahari hiyo ilijaa saa ngapi. Utenzi una mizani minane na kina kinachorudi, kwa hiyo mtu anaweza kuubeba kichwani akitembea kwenda kazini, ubeti ukakamilika kabla hajafika. Insha ya kurasa mbili humalizika jioni moja. Riwaya haibebeki hivyo, inataka siku zinazofuatana. Sasa fungua *Kusadikika* (1951) uone ilivyojengwa. Karama amesimama mbele ya baraza kujitetea, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe ana safari yake, kila safari ina mwanzo na mwisho. Ni riwaya inayoweza kuandikwa na mtu mwenye usiku mmoja mmoja. Sisemi kwamba aliipanga hivyo kwa sababu ya ukarani. Nasema umbo hilo halimgombezi karani, na kwamba *Habari za Wakilindi* nazo, za mwandishi mwingine wa baraza, zimekatwakatwa vivyo hivyo, kisa kwa kisa.

Kisha tazama milango. Mashairi yake ya *Pambo la Lugha* yalitoka Johannesburg, kwa mchapishaji wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, maelfu ya kilomita kutoka kwa msomaji yeyote wa Kiswahili. *Maisha Yangu* na *Mwafrika Aimba* zilitolewa na Nelson, 1949. *Adili na Nduguze* ilitoka kwa Macmillan, 1952. Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki 1950, ulichapwa kwanza katika jarida la Kamati ya Kiswahili, 1958. Mwaka 1959 *Insha na Mashairi* na *Masomo Yenye Adili* zilitoka Tanga kwa jina la Art and Literature, jaribio lake mwenyewe la kuwa mchapishaji. Mtu aliyetoa vitabu kwa milango mingi kiasi hicho hatafuti umaarufu wa utanzu, anatafuta mlango. Shule walitaka ngano fupi, akawa nayo. Jarida la lugha lilitaka nathari yenye elimu, akawa nayo pia. Alipochoka kubisha hodi akajenga wa kwake, na naelewa kabisa kwa nini.

Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo M. M. Mulokozi alizihariri na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ikazitoa mwaka 2002, ndizo dirisha la maisha hayo. Mambo ya nyumba na mambo ya vitabu yamo ndani ya bahasha moja. Ningependa kila anayetaka kuwa mtunzi apewe kitabu hicho kabla ya kitabu chochote cha nadharia. (Mulokozi mwenyewe, kwa njia, ni mfano mwingine: ana mashairi, tamthiliya ya Mukwava, riwaya za vijana, na uhakiki. Mwenye mashamba kamhariri mwenye mashamba.)

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu wa Tanga hawatalipenda. Riwaya za Shaaban Robert sizipendi sana. Majina yamekwisha kuwahukumu wahusika kabla hawajafungua kinywa: Majivuno atajivuna, Adili atakuwa mwadilifu, na Utubora ataacha kazi ya mjini aende kulima Busutamu kwa sababu hakuna jina jingine la kumpeleka mahali pengine. Insha imeingia ndani ya riwaya na kukalia kiti cha mbele. Hapo ndipo ngedere walipoingia shambani. Lakini mgeukie *Maisha Yangu*. Mkewe Amina amekufa, mtu amebaki na watoto, na ndani ya nathari ya tawasifu kunatokea tenzi mbili za wosia, *Hati* kwa binti na *Adili* kwa mwana. Hakuna mpaka unaouona ukivukwa. Baba anasimulia, akifika mahali ambapo kusimulia hakutoshi anatunga, kisha anarudi kusimulia. Hicho ndicho anachokipata mwenye mashamba mengi siku mavuno yakikutana kwenye ghala moja. Mwenye utanzu mmoja hawezi kukiandika kitabu kile.

Ni bahati mbaya basi kwamba kitabu kile hakina pa kukaa darasani. Baada ya uhuru kazi inayomlisha mwandishi ilihama kutoka ofisini kwenda chuoni na shuleni, na mlango mkubwa kuliko yote ukawa muhtasari wa sekondari. Mlango huo una vyumba vitatu: riwaya, tamthiliya, ushairi. Swali la mtihani huulizwa kwa vyumba hivyo. Tawasifu, safari, wasifu, barua, insha ndefu vinabaki uani. Mtu anayeandika akitumaini kuuza nakala nyingi anajua la kufanya.

Tazama waliosomwa na kizazi kizima cha kidato cha tatu na cha nne. Edwin Semzaba, na jina la namna hiyo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa kwamba ni la kwao, alikuwa mwalimu wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliandika *Tendehogo* na *Ngoswe* kwa ajili ya jukwaa, akaandika riwaya ya *Funke Bugebuge*, akaandika *Marimba ya Majaliwa* kwa vijana. Emmanuel Mbogo, mtu wa tamthiliya miaka mingi, alifahamika shuleni kwa riwaya, *Watoto wa Mama Ntilie*, na ukiisoma unasikia bado jukwaa likilia chini ya miguu: watu wanaingia, wanasema, wanatoka. Abdallah Safari ni mwanasheria aliyeandika *Joka la Mdimu*. Mohammed Seif Khatib wa *Wasakatonge* alikuwa mtu wa habari na waziri. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyelishwa na kitabu.

Semzaba alinichekesha kwa jambo moja. Ngoswe ni ofisa wa kuhesabu watu aliyepelekwa kijijini, akapenda binti wa mwenyeji wake, na karatasi za hesabu zikaishia motoni. Kila mwandishi aliyewahi kuwa na kazi ya serikali na mswada kwenye mkoba mmoja anamwelewa Ngoswe kuliko anavyokiri.

Chuo kilileta kitu ambacho forodha haikuwa nacho: kuandika kukawa sehemu ya kazi, angalau kwa jina. Euphrase Kezilahabi aliitumia nafasi hiyo kuliko wengi. Ndani ya mwaka mmoja, 1974, alitoa riwaya ya *Kichwamaji* na diwani ya *Kichomi*, na mashairi yake yasiyofuata vina wala mizani yakazua ugomvi uliochukua miaka. Kwangu la muhimu zaidi ni lililofuata. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) ni nathari, lakini ni nathari ya mshairi aliyeacha kuomba ruhusa, na mwanafalsafa naye yumo. Mwenzake wa Zanzibar, Said Ahmed Mohamed, aliyefundisha miaka mingi Bayreuth, Ujerumani, ana riwaya, tamthiliya, hadithi fupi na mashairi, na kila kimoja kimemsaidia kingine. Mshahara wa mwezi ulinunua jambo moja tu, uhuru wa kutouliza shule zinataka nini. Hilo halipatikani kwa bei nyingine.

Wa mjini wasio na chuo walikwenda njia yao. Elvis Musiba alikuwa mfanyabiashara, Ben Mtobwa alianzisha kampuni ya kuchapa vitabu vyake na vya wenzake, Eric Shigongo akajenga magazeti na hadithi za kuendelea na vitabu vya kutia watu moyo, kisha akaingia bungeni. Hapa sitakaa, kwa sababu tanzu zao zimepishana kidogo tu. Walipanua duka zaidi ya kupanua shamba.

Turudi kwenye hesabu, maana uchambuzi wa maisha ya kazi usiotaja fedha ni hotuba. Mrabaha unaozungumzwa mara nyingi katika mikataba ya vitabu ni asilimia 10. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Mwandishi anapata 1,000 kwa nakala, na ukiuza nakala elfu moja, jambo ambalo kwa diwani ya mashairi ni sherehe, umepata milioni moja, labda kwa kazi ya miaka mitatu, tena ikiwa hesabu zitakuja. Mchapishaji mmoja aliwahi kuniletea taarifa ya mauzo ya mwaka mzima yenye mistari minne na kosa la kujumlisha. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ni ulinzi mrefu wa kitu chembamba.

Tuzo zimesaidia. Ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imekuwa ikiwatafuta waandishi wa Kiswahili tangu 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa 2023. Ni vizuri. Lakini tuzo ni mvua ya siku moja, na nayo ina mifereji yake: riwaya huku, ushairi huku, watoto huku. Najua watu ambao mswada wao umebadilika utanzu mara mbili kufuata tangazo. Siwacheki. Kabichi nazo zilipandwa hapa kwa sababu lori la Dar es Salaam lilizitaka.

Ndiyo maana naanza kuiheshimu ile foleni ya mlangoni kwangu. Risala inakufundisha kumwambia mkubwa jambo asilotaka kusikia bila kumvunjia heshima, kwa kurasa mbili, mbele ya watu waliosimama juani. Katiba ya kikundi inakufundisha kwamba neno "anaweza" na neno "atalazimika" si ndugu. Wimbo wa kwaya unakupa mizani, na ukikosea hukosolewi na mhakiki, unakosolewa na sauti ya tatu inayokosa pumzi. Milima hii ina mazoea ya siku nyingi na karatasi za namna hiyo: Walutheri walikuwa na mtambo wao, Vuga Press, pale Soni, na Lushoto penyewe kuna chuo cha kufunza watumishi wa mahakama, ambako watu hujifunza kuandika sentensi itakayoamua nani analala nyumbani. Malipo ya mwandishi wa mtaa ni ya kishambani pia. Kuna anayetoa noti. Kuna anayetuma mtoto na ndoo ya viazi. Kuna anayekuahidi, naye hupotea njia ya Magamba mpaka masika nyingine.

Na utanzu mkubwa kuliko yote hayo ni wasifu wa marehemu. Una masharti magumu kuliko soneti. Lazima uwe na kuzaliwa, ukoo, elimu, kazi, ndoa, watoto na idadi ya wajukuu, ugonjwa, na saa ya kufa. Lazima usiseme uongo, kwa sababu waliopo wanamjua. Lazima usiseme ukweli wote, kwa sababu hiyo hiyo. Unaandikwa usiku, watu wakilia chumba cha pili, na mwisho wake ni saa saba, hauongezwi. Nimejifunza ndani yake zaidi ya nilivyojifunza kwenye hadithi fupi zangu zote: namna ya kuruka mwaka mbaya kwa sentensi moja ambayo kila mtu ataielewa.

Nimesema mashamba mengi yanachosha, na sijasahau. Gharama ya kwanza ni ile ya Shaaban Robert, utanzu mmoja kumwaga magugu yake ndani ya mwingine. Ya pili ni haraka. Ya tatu siioni ikitajwa, nayo kwetu ndiyo nzito: kati ya mashamba yote tunayolima, limo moja ambalo hakuna aliyelifungua. Kishambaa kilipata sarufi ya Karl Roehl mwaka 1911, kwa Kijerumani, na Roehl huyo huyo ndiye ambaye mwaka 1937 Biblia yake ya Kiswahili ilitoka Stuttgart. Njia ilionekana mapema, kwamba kwa Kishambaa utasali na kusimulia, kwa Kiswahili utachapa. Abdallah bin Hemedi aliandika kwa Kiswahili habari zilizotokea kwa Kishambaa, na sisi tumefuata nyayo. Mtu wa Mlalo au Mtae anaweza kuandika leo riwaya, tamthiliya, shairi na filamu, tanzu nne, na zote ziwe kwa lugha aliyoijulia shuleni. Mlango wa lugha ya mama yake haukufungwa na mtu. Haukujengwa.

Hilo huonekana wazi makaburini. Wasifu unasomwa kwa Kiswahili, umenyooka, una tarehe zote. Ukiisha, mzee mmoja hupewa nafasi, naye huanza kwa Kiswahili, na kabla ya sentensi ya tatu amekwisha kuvuka kwenda Kishambaa. Hapo ndipo unaposikia marehemu aliitwaje utotoni, alimtania nani, alilima wapi na nani mwaka wa njaa. Watu hucheka, kisha hulia vizuri. Hakuna anayeandika. Mimi nami nakuwa nimesimama nyuma, kalamu mfukoni, nikifikiri juu ya riwaya.

Karatasi ya wasifu hukunjwa mara nne na kuingia kwenye koti la kaka mkubwa. Nakala sibaki nayo.